Umri wa Manowari: Nani Anaijenga, Nani Anaitumia, Nani Anabaki na Chuma Chakavu?

UTANGULIZI

Katika vitabu vingi vya historia manowari huelezwa kana kwamba ni kiumbe chenye uhai na matakwa yake. Tunasoma kwamba manowari fulani ilifika Unguja, ikapiga mji, ikazama mtoni. Watu hawaonekani. Hawaonekani waliofua chuma chake, waliolipa kodi ya kuigharimia, waliochochea moto wa boila zake, wala waliobeba vipuri vyake mabegani. Mtazamo wa namna hii una kasoro kubwa, kwa sababu unaficha uhusiano uliopo kati ya silaha na tabaka linaloimiliki.

Makala haya yanakusudia kuifuata manowari tangu mkuku wake unapowekwa kiwandani hadi siku inapokatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Mifano mingi itatoka katika pwani yetu wenyewe, ambako kati ya mwaka 1878 na 1915 zilikutana manowari za Sultani, za Waingereza na za Wajerumani. Hoja yetu ni hii: umri wa manowari haupangwi na kutu wala mawimbi. Unapangwa na maslahi ya wanaoimiliki. Na gharama za umri huo, tangu kujengwa hadi kuvunjwa, huwaangukia wafanyakazi na watu wa makoloni.

Huenda msomaji akauliza: habari za meli kuukuu zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu kila taifa changa hufika siku ya kuamua lijilinde kwa silaha gani, na kila kada anatakiwa awe na uwezo wa kuwaeleza wananchi gharama ya uamuzi huo. Uwezo huo haupatikani kwa kuikariri bei ya kununulia peke yake.

UMRI UNAOPANGWA KWA SHERIA

Chuma kikitunzwa vizuri hudumu majini muda mrefu. Meli ya abiria au ya mizigo inaweza kufanya kazi miaka arobaini, hamsini na zaidi. Manowari hali yake ni tofauti. Siku inaposhushwa majini, mpinzani wake naye yuko mezani anachora nyingine iliyo kubwa na yenye kasi zaidi. Kwa hiyo manowari huzeeka hata ikiwa imetia nanga bila kufyatua kombora moja.

Ujerumani ya Kaizari iliuandika uzee huo katika sheria. Sheria ya Wanamaji ya mwaka 1898, iliyoandaliwa na Admirali Alfred von Tirpitz, ilipanga umri wa kila aina ya meli: manowari kubwa za vita miaka 25, kruza kubwa miaka 20, na kruza ndogo, yaani manowari za kasi za kulinda na kuvizia njia za biashara, miaka 15. Umri ulipotimia, meli nyingine ilijengwa kuchukua nafasi yake, na Bunge lilikuwa limekwisha kujifunga kuilipia. Mwaka 1908 sheria hiyo ilirekebishwa, na umri wa manowari kubwa ukapunguzwa kutoka miaka 25 hadi 20.

Je, chuma cha Ujerumani kilikuwa kimedhoofika mwaka huo? La, hasha. Kilichobadilika kilikuwa ni karatasi tu. Lakini kwa badiliko hilo la karatasi, meli nyingi zilihesabiwa zimezeeka kabla ya wakati, na oda za meli mpya zikaongezeka hadi manowari kubwa nne kwa mwaka. Waliofaidika walikuwa wenye viwanda vya meli na vya chuma, akiwamo Krupp, aliyeuza mabamba ya deraya pamoja na mizinga. Waliolipa tunawajua pia. Mwaka 1909 serikali ya Kaizari, ikiwa imelemewa na madeni, ilipandisha kodi za bia, pombe kali, tumbaku na viberiti, yaani vitu ambavyo mfanyakazi wa kawaida hununua kila wiki. Matajiri wenye mashamba makubwa walipinga urithi wao usitozwe kodi zaidi, nao wakafanikiwa.

Upande wa pili Uingereza ilifanya hayo hayo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1904 Admirali John Fisher aliziondoa kazini meli zaidi ya 150 kwa kuwa zimepitwa na wakati. Kisha akajenga Dreadnought. Mkuku wa manowari hiyo uliwekwa Oktoba 1905, na Desemba 1906 ikawa tayari, kwa gharama ya paundi 1,783,883. Ujio wake ulizifanya manowari kubwa zote za dunia kuwa za kizamani, zikiwamo za Uingereza yenyewe. Ilibidi mashindano yaanze upya kutoka mwanzo, na katika mpango wa mwaka 1909 peke yake Uingereza iliagiza manowari kubwa nane.

Na Dreadnought yenyewe ilifanya nini? Katika vita vyote vya 1914 hadi 1918 haikupambana hata mara moja na manowari kubwa ya adui. Machi 1915 iliigonga na kuizamisha nyambizi moja ya Kijerumani. Mwaka 1921 iliuzwa kama chuma chakavu, na mwaka 1923 ikaanza kuvunjwa kule Inverkeithing, Scotland. Haikufikisha miaka ishirini.

MANOWARI YA SULTANI

Mfano wa pili unatuleta Unguja. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuziangamiza meli za Sultani Barghash bin Said. Mwaka uliofuata Waingereza walimlazimisha, kwa tishio la kukizingira kisiwa kwa manowari, atie saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Kufungwa kwa soko hilo kulikuwa jambo jema lisilo na ubishi. Lakini namna lilivyofungwa ilimwonyesha Sultani kwamba amri ya bahari haiko tena mikononi mwake.

Jawabu la Barghash lilikuwa kununua meli ya vita. Alikuwa ameiona manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, akaagiza ya mfano wake na kuipa jina hilo hilo. Ilijengwa na kiwanda cha William Denny huko Dumbarton, Scotland, ikashushwa majini mwaka 1878 kwa gharama ya paundi 32,735. Fedha za Sultani zilitokana na forodha na karafuu, na karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Kwa hiyo jasho la mtumwa wa Pemba lilisafiri hadi Scotland, likageuka kuwa faida ya mwenye kiwanda, kisha likarudi Unguja katika umbo la meli. Silaha zake zilikuwa mizinga saba midogo, pamoja na bunduki ya Gatling iliyotolewa zawadi na Malkia Victoria.

Meli hiyo haikumpa Barghash alichokitaka. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikaa nangani mbele ya jumba la kifalme, kama alama ya utukufu. Haikuwa na kiwanda nyuma yake wala manowari wenzake wa kuisaidia. Hata mfano wake ulikuwa wa enzi inayokwisha, wakati meli za mbao na tanga zilipokuwa zikiipisha deraya.

Tarehe 27 Agosti 1896 mtihani ulifika. Khalid bin Barghash alikuwa amekitwaa kiti cha usultani bila kibali cha Waingereza, na Admirali Harry Rawson akampa muda hadi saa tatu asubuhi ashuke. Muda ulipopita, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga jumba. Glasgow iliifyatulia St George, meli ya Rawson, ambayo ilikuwa ya chuma na yenye mizinga mizito kupita kiasi. Jibu lilikuja mara moja, na Glasgow ikazama pale pale bandarini. Mapigano yote hayakufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na wengi kati yao walikuwa walinzi, watumishi na watumwa waliokuwamo jumbani. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Kwa miaka mingi milingoti ya Glasgow iliendelea kuonekana juu ya maji mbele ya mji. Mwaka 1912 tu ndipo mabaki yake yalipovunjwa. Meli hiyo ilitumika miaka 18, na baada ya hapo ikakaa miaka 16 ikiwa kaburi la kutazamwa. Somo lake ni kwamba anayenunua silaha kwa mpinzani wake hununua ile ambayo mpinzani huyo amekwisha kuiacha nyuma.

BOMBA TATU NDANI YA RUFIJI

Januari 1905, katika kiwanda cha serikali mjini Kiel, Wajerumani waliweka mkuku wa kruza ndogo. Katika vitabu vya serikali iliitwa kwanza "Mbadala wa Meteor," kwa sababu ilichukua nafasi ya meli iliyohesabiwa kuzeeka. Desemba mwaka huo ilishushwa majini na kupewa jina la Königsberg. Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga kumi ya sentimita 10.5, na mabaharia zaidi ya mia tatu.

Tuutazame mwaka huo wa 1905 kwa makini. Wakati mafundi wa Kiel wakipigilia ribiti, kusini mwa Rufiji wakulima wa Umatumbi walikuwa wakiinuka dhidi ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mabaharia wa manowari ya Kijerumani Bussard walikuwa miongoni mwa askari wa kwanza kushushwa pwani kuvizima. Dola iliyomtoza kodi ya bia mfanyakazi wa Kiel ndiyo iliyomchapa viboko mkulima wa Kilwa. Manowari ilikuwa kiungo kati ya mambo hayo mawili.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, chini ya Kapteni Max Looff. Wenyeji waliipa jina la manowari ya bomba tatu, kwa kuhesabu mabomba yake ya moshi. Vita vilipoanza iliiteka meli ya shehena ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman, Agosti 1914. Kisha tarehe 20 Septemba iliivamia Pegasus katika bandari ya Unguja.

Pegasus ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1897 na kiwanda cha Palmers, mjini Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Kwa kipimo cha sheria ya Tirpitz ilikuwa imeshapita umri wake. Wakubwa wa London walijua ni kuukuu, lakini kwa kulinda koloni waliona inatosha. Asubuhi ile ilikuwa nangani ikitengenezwa boila zake, na mizinga yake haikuweza kuifikia Königsberg. Mabaharia 38 walikufa. Walikuwa watoto wa wafanyakazi, waliopelekwa kufa ndani ya meli ambayo wenyewe walioipeleka walikuwa hawaiamini.

Ushindi huo haukuisaidia Königsberg. Injini yake iliharibika, na makaa ya mawe yalikuwa haba. Ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, na vipuri vyake vikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu kutengenezwa, vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Hapakuwa na reli ya kufika huko. Waliovuta na kubeba vyuma hivyo katika matope walikuwa Waafrika kwa mamia, na majina yao hayamo katika kumbukumbu za manowari hiyo.

Waingereza waliiziba mito ya delta kwa muda wa miezi minane. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Hatimaye walileta meli mbili zenye mizinga, Severn na Mersey, ambazo sehemu yao ya chini ni bapa. Historia ya meli hizo nayo ni funzo. Zilijengwa na kiwanda cha Vickers, Barrow, kwa ajili ya Brazil, zitumike katika mto Amazon. Lakini mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeiangusha bei ya mpira wa Brazil, na Brazil ikashindwa kulipa. Uingereza ikazichukua Agosti 1914. Kwa hiyo meli zilizoagizwa kwa utajiri wa wagema mpira wa Amazon zilikuja kupigana Rufiji, kwa sababu soko la mabepari lilikuwa limeyumba.

Tarehe 11 Julai 1915, zikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia, zilifanikiwa kuipiga Königsberg, na Looff akaamuru ilipuliwe. Ilikuwa imetumika miaka minane tu tangu ianze kazi mwaka 1907.

Hata hivyo kifo cha manowari hakikuwa mwisho wa mizinga yake. Yote kumi iliopolewa, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, ikavutwa bara kumtumikia Jenerali von Lettow-Vorbeck. Mmoja ulilipuliwa Kahe Machi 1916. Mizinga iliyotengenezwa kusafiri juu ya maji sasa ilisafiri juu ya nguvu za watu. Katika kampeni hiyo, kwa pande zote mbili, wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu ni makumi ya maelfu, wengi kupita kiasi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Hayo nayo ni sehemu ya umri wa manowari, ingawa hayaandikwi katika daftari la wanamaji.

BAADA YA VITA: NANI ALIBAKI NA NINI?

Vita vilipokwisha, silaha ziligeuka kuwa bidhaa ya chuma. Mei 1921 serikali ya Uingereza iliuza kwa pamoja meli zaidi ya mia moja kwa mfanyabiashara mmoja wa chuma chakavu, Thomas W. Ward. Katika fungu hilo zilikuwamo Dreadnought, Severn na Mersey. Mabaki ya Königsberg yaliuzwa mwaka 1924 kwa paundi 200, na aliyeyanunua ni John Ingle, yule yule aliyekuwa kapteni wa Pegasus. Wapiga mbizi walichota shaba na madini mengine ya thamani. Kazi hiyo iliendelea mikononi mwa wengine hadi miaka ya 1960, na mwaka 1966 gofu lililobaki likaporomoka na kuzama katika tope la mto. Mizinga mitatu imebaki Mombasa, Jinja na Pretoria.

Ndivyo adui wa jana alivyonunua maiti ya adui yake kwa faida. Na waliozijenga meli hizo je?

Mafundi na mabaharia wa Kiel walitoa jibu lao mapema. Mwishoni mwa Oktoba 1918 wakubwa wa wanamaji wa Kijerumani walitaka kuzitoa manowari zote kwa pambano la mwisho, vita vikiwa vimeshashindwa. Mabaharia wakakataa kufa kwa ajili ya heshima ya maadmirali. Tarehe 4 Novemba mji wa Kiel ulikuwa mikononi mwa mabaraza ya askari na wafanyakazi, na siku tano baadaye utawala wa Kaizari ukaanguka. Manowari zilizojengwa kuutukuza utawala huo ndizo zilizokuwa shule ya waliouangusha.

Wafanyakazi wa Jarrow, walioijenga Pegasus, hali yao ilikuwa nyingine. Oda zilipokwisha, wenye mitaji walikubaliana kuvifunga viwanda vilivyozidi, na kiwanda cha Palmers kikafungwa miaka ya 1930. Mji mzima ukakosa kazi. Oktoba 1936 wanaume wapatao 200 walitembea kwa miguu hadi London, safari ya kilometa 450 hivi, kudai kazi. Hawakupewa. Wakati huo mabaki ya Pegasus yalikuwa bado yamelala chini ya bahari ya Unguja, na hayakuuzwa kuvunjwa hadi mwaka 1955. Meli ilidumu kuliko kazi ya walioijenga.

KUVUNJA NI KAZI YA NANI?

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yamekwisha na ukoloni. Tuchukue meli mbili pacha zilizojengwa Ufaransa kubeba ndege za kivita: Clemenceau, iliyoanza kazi mwaka 1961, na Foch, iliyoanza mwaka 1963. Zilipojengwa zilijazwa asbesto, vumbi ambalo huleta saratani ya mapafu.

Clemenceau iliondolewa kazini mwaka 1997, na mwishoni mwa 2005 Ufaransa iliituma ikavunjwe Alang, India. Huko tangu mwaka 1983 meli hupandishwa ufukoni wakati wa maji kujaa, na vibarua waliotoka mikoa maskini huzikata kwa moto. Baada ya upinzani mkubwa nchini India na Ufaransa, Februari 2006 Rais Chirac aliamuru irudishwe, ikaja kuvunjwa Uingereza. Foch iliuzwa Brazil mwaka 2000, ikaitwa São Paulo. Ilipozeeka ilipelekwa Uturuki kuvunjwa; Uturuki ikaikataa mwaka 2022 kwa sababu ya asbesto; na tarehe 3 Februari 2023 wanamaji wa Brazil wakaizamisha katika Atlantiki pamoja na sumu yake. Aliyeijenga aliuza pia tatizo la kuivunja.

Mkataba wa kimataifa wa Hong Kong wa mwaka 2009 kuhusu uvunjaji salama wa meli ulianza kutumika Juni 2025. Ni hatua ya maendeleo. Lakini manowari hazimo ndani yake.

MFANO WA KINYUME

Meli moja iliyopigana vita hivyo hivyo ilipata maisha mengine. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa tena. Ilishushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikawekewa mzinga mmoja wa Königsberg. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiache kwa adui. Mwaka 1924 iliopolewa, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Zaidi ya miaka tisini tangu ishuke majini ilikuwa bado ikibeba abiria, dagaa na mahindi.

Chuma chake kilifuliwa enzi moja na kile cha Königsberg. Kilichotofautiana ni kazi. Meli inayobeba watu haipitwi na wakati kwa sababu adui amejenga nyingine. Hutengenezwa kila inapoharibika, maadamu watu wanaihitaji.

HITIMISHO

Hatusemi kwamba taifa changa halihitaji ulinzi wa bahari. Pwani isiyolindwa huvuliwa samaki wake na kupitishiwa magendo, na historia tuliyoieleza inaonyesha yanayompata asiye na nguvu baharini. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa silaha usifanywe kwa kutazama urefu wa mzinga na uzuri wa gwaride.

Kada anapoletewa suala hili hana budi kuuliza, kwanza, ni nani aliyeijenga silaha hii, na kwa nini anaiuza sasa. Pili, ni nani atakayeitengeneza ikiharibika: je, ni vijana wetu wenye ujuzi, au ni mpaka tumrudie muuzaji? Barghash hakuwa na jawabu la swali hilo. Tatu, umri wake ukiisha, ni nani atakayeivunja, na kwa usalama gani?

Maswali hayo hayahitaji mtaalamu wa mizinga. Yanahitaji mtu anayewakumbuka wapagazi wa Rufiji wakati hesabu ya manowari inapowekwa mezani.